Modi gani huwezi kuifuta hata diski ikijaa?

Kijana wa Msamvu

Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Kaka yangu kanirithisha laptopu yake: i3 ya siku nyingi, RAM 4, na haina kadi ya picha ya pembeni. Diski imebaki gigabaiti 11 tu, maana sehemu kubwa imejaa picha za harusi yake na amenikataza kuzigusa. Ndani nimekuta gemu tatu: GTA San Andreas, PES 2013 ya mpira na Euro Truck Simulator 2 ya malori, zote kavu kabisa, bila modi (nyongeza za mashabiki).

Nikiingia YouTube naona watu wana San Andreas yenye lami inayong'aa na Lamborghini za kila rangi. Nikitaka kuishusha naambiwa gigabaiti 6. Bando langu ni la usiku na mtandao wa huku kwetu mnaujua. Kwa hiyo naomba kila mmoja ataje modi MOJA iliyotengenezwa na mashabiki, ambayo ameicheza mwenyewe na anaipenda, na aseme imemfanyia nini. Orodha za "modi 50 bora" nimeshazisoma, zinanakiliana tu. Namtaka mtu aliyekaa nayo.

Mzee wa Kibanda

Kijana, swali zuri, ila sharti lako la modi moja sitaliweza. Nitataja mbili.

Miaka ya nyuma nilikuwa na kibanda cha gemu Mwanjelwa, Mbeya. Kilianza na PS2, baadaye nikaingiza kompyuta za mtumba. Hivyo modi naipima kwa jicho la mwenye kibanda: je, gemu itaganda mteja akiwa katikati na hela ameshalipa? Modi inayogandisha ni adui, hata kama imeipaka lami dhahabu. Hiyo lami inayong'aa uliyoiona YouTube mara nyingi ni ENB, modi ya kubadilisha mwanga na rangi. Ukiiweka kwenye hiyo i3 utatazama picha mojamoja, kama unafunua albamu ya harusi ya kaka yako.

Kwa San Andreas, modi yangu ni SilentPatch, ya jamaa anayejiita Silent. Haiongezi gari, haiongezi silaha, na mgeni akikaa kucheza hatajua kama ipo. Kazi yake ni kurekebisha makosa yaliyobaki gemu ilipoletwa kwenye kompyuta mwaka 2005. Mfano ni kipanya: ukikisogeza juu na chini kina kasi nyingine, ukikisogeza pembeni kina kasi nyingine. Watu wamecheza miaka wakiamini ndivyo CJ, mhusika mkuu, alivyo, mzito wa shingo.

Lakini kisa kinachonifanya nimvulie kofia huyu jamaa ni cha Skimmer, ile ndege ya kutua majini. Mwaka 2024 ilitoka Windows 11 ya 24H2, na wachezaji wakaanza kulalamika kwamba Skimmer haionekani tena kwenye gemu. Ukiilazimisha itokee kwa modi nyingine na ukapanda, inakurusha angani umbali usiopimika. Kila mtu akailaumu Windows. Silent akakaa chini akafukua, na mwaka 2025 akaandika alichokikuta. Kosa lilikuwa la gemu yenyewe, toka siku ya kwanza. Kuna faili linaitwa vehicles.ide, ambamo kila chombo kina mstari wake wa vipimo, ukiwemo ukubwa wa magurudumu. Mstari wa Skimmer haukuwa na vipimo hivyo. Kwenye Vice City Skimmer ilihesabiwa kuwa boti, na boti haiandikiwi magurudumu. Ilipohamia San Andreas ikafanywa ndege, na hakuna aliyekumbuka kuongeza zile namba.

Sasa gemu ikifika kwenye mstari huo na kukosa namba, ilikuwa inaokota chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu baada ya kusoma gari lililotangulia. Kwa bahati, kilichobaki kilikuwa kipimo cha gari hilo, na kilifaa. Bahati hiyo ilidumu karibu miaka ishirini, mpaka Windows mpya ikaanza kupatumia mahali palepale kwa shughuli zake na kuacha takataka. Nani angemlipa mtu mshahara atafute kosa la ndege moja ya gemu ya zamani namna hiyo? Shabiki kafanya, na faili lake ni dogo kuliko picha moja ya harusi.

Kabla hujashusha chochote, hakikisha gta_sa.exe yako, faili la kufungulia gemu, ni toleo 1.0. Modi nyingi zinalitaka hilo, na chanzo chake ni ugomvi wa 2005. Mholanzi mmoja alitoa modi iitwayo Hot Coffee, ikafungua vipande vya faragha vya CJ na mpenzi wake. Watengenezaji walikuwa wamevificha ndani ya diski badala ya kuvifuta. Marekani pakawaka: gemu ikapandishwa daraja la watu wazima tu, maduka makubwa yakaitoa kwenye rafu, na Rockstar, wenye gemu, wakatoa toleo jipya lililofunga mlango kwa modi. Watengeneza modi wakabaki na toleo la kwanza. Zana zao zinalenga mahali maalumu ndani ya exe hiyo, na ukiwa na exe nyingine zinagonga nyumba isiyo yake.

Ukishakuwa na 1.0, weka Mod Loader. Unapata folda inayoitwa modloader, unatupia modi humo, na faili kubwa la asili, gta3.img, haliguswi. Modi ikikuudhi unafuta folda yake na maisha yanaendelea.

Humo mimi nina kitu changu: bus.txd, yaani ngozi ya basi la mjini. Nimelipaka jeupe, nikavuta mstari wa rangi ubavuni, na mbele nikaandika MBAGALA – KARIAKOO. Umbo ni lilelile la basi la Kimarekani, na konda wa kuning'inia mlangoni hayupo. Pale kibandani hawakutaka tena gari jingine. Los Santos nzima, mji wa ndani ya gemu, yenye magari ya kifahari ya kuiba bure, watu wanahangaika kutafuta daladala. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja alikuwa anasimama vituoni kabisa, na misheni hagusi.

Modi ya pili ni pachi (kiraka cha kurekebisha gemu) ya PES 2013, ile inayorudisha majina. Vijana wa leo hamjui tulikotoka. Konami, wenye PES, hawakuwa na leseni ya Ligi Kuu ya England. Manchester United pekee ndiyo ilikuja na jina lake. Arsenal waliitwa North London, Chelsea walikuwa London FC, Liverpool ni Merseyside Red, Man City ni Man Blue. Nilibandika karatasi ukutani, nimeandika kwa maka peni nani ni nani. Shabiki wa Arsenal analipa, anaambiwa achague North London yenye jezi asiyoijua, anakuangalia kama umemtapeli. Wa Man U kazi yao ilikuwa kucheka.

Pachi za mashabiki zikaja, pamoja na Kitserver ya Juce, ambayo inakuwezesha kuweka jezi na sura za wachezaji kwenye folda ya pembeni bila kuvuruga mafaili makubwa ya gemu. Majina yakarudi, nembo zikarudi, karatasi nikaing'oa. Baadaye kijana mmoja wa Sokomatola akaleta flashi yenye Simba na Yanga, amezitengeneza mwenyewe. Wachezaji wote sura moja, lakini majina sahihi na jezi sahihi. Tatizo alikuwa Mnyama damu. Kila mchezaji wa Simba alimpa uwezo wa tisini na kitu, hadi kipa wa akiba. Simba ikawa inaifunga Barcelona tano bila jasho, na Barcelona ile ni ya Messi, Xavi na Iniesta. Ugomvi ukaanza, kwa sababu pale mshindi ndiye anayebaki kwenye kiti. Nikaweka sheria: Simba icheze na Yanga tu, na Yanga nayo nikaipandisha mwenyewe usiku.

Msee wa Rongai

Mzee hiyo ya konda imenimaliza 😂

Mimi kompyuta sina, niko na simu, kwa hivyo mnivumilie kidogo. Yangu ni BUSSID, Bus Simulator Indonesia ya Maleo, ilitoka 2017. Waliijenga kwa ajili ya mabasi ya kwao, lakini wakaachia mchezaji nafasi ya kuweka rangi zake. Rangi yenyewe ni picha ya kawaida unachagua kwa simu. Baadaye wakaruhusu hata gari zima la kutoka nje. Vijana wa huku wakaingia na nganya, yaani matatu za mapambo. Sasa naendesha nganya ya Rongai, graffiti mpaka kwa kioo, taa za zambarau, kwa barabara za Java. Abiria wanaopanda ni Waindonesia, honi ni ile yao ya telolet, na polisi wa kuomba kitu kidogo hakuna. Hiyo ya mwisho ndiyo inaniambia niko ugenini.

Kitu hunikasirisha ni wale wanafunga modi kwa zip yenye paswadi, halafu paswadi iko katikati ya video ya dakika kumi na tano. Msee, hiyo bando ulilipia wewe?

Binti Shangani

Assalaam alaykum nyote. Mzee wa Kibanda, heshima yako, lakini mie sikubaliani nawe. Umezisifu modi za kurekebisha na kurudisha, sawa. Umesahau zile zinazozaa kitu ambacho gemu ya asili haikukiota.

Yangu ni The Forgotten City, modi ya gemu ya Skyrim, iliyotoka 2015. Aliyeitengeneza ni Nick Pearce, wa Australia, mtu wa sheria, na aliiunda nje ya saa za kazi. Unaingia mji wa chini ya ardhi wenye sheria moja: mmoja akitenda kosa, wote wanakufa. Na mtu ameshatenda, au atatenda. Wewe unairudia siku ileile mpaka umjue ni nani na umzuie. Skyrim miaka yote ilinifundisha kwamba mlango ukifungwa unatafuta panga. Hapa panga ndilo linalokuua, na wenzako pamoja nawe. Ikanibidi nikae na watu niwasikilize: huyu ana deni, yule ana siri, yule anamwogopa jirani yake. Mwaka 2016 hadithi yake ikapata tuzo ya chama cha waandishi cha Australia, na haikuwahi kutokea modi kupata tuzo ile. Akaacha kazi, akaijenga upya kama gemu yake mwenyewe, safari hii mji ni wa Kirumi, ikatoka 2021.

Mie nimecheza zote mbili. Ya Kirumi ni nzuri zaidi kwa macho na mwisho wake umepikwa vyema. Ya kwanza bado naipenda kwa sababu nilimjua mhusika wangu wa Skyrim, mwizi wa kupindukia, na pale akalazimika kutembea na mikono mfukoni.

Kwa laptopu ya kijana, Skyrim itamtesa. Lakini kama anapenda hadithi, aitafute gemu ya Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Ilitoka Novemba 2004, siku moja na Half-Life 2, gemu iliyosubiriwa sana, maskini, nani angeiona? Ilijaa makosa, na Troika walioiunda wakafunga milango mwaka uliofuata. Mjerumani mmoja, Werner Spahr, mkemia, akaendelea kuitolea pachi isiyo rasmi kwa karibu miaka ishirini. Duka la GOG linaiuza ikiwa na pachi hiyo tayari. Hapo Mzee utafurahi, ni modi ya kurekebisha kama unavyopenda. Ila kuna toleo la msingi na kuna Plus, na Plus inarudisha vitu vilivyokatwa na kugusa mengine ambayo hayakuharibika. Fundi akizoea bisibisi hajui pa kuiweka chini. Uicheze kwanza na ya msingi.

Mtoto wa Dereva

Mie ni mfupi. Euro Truck. Mzee wangu anaendesha lori Dar – Tunduma, akiwa likizo anakaa kwenye kiti changu anacheza lori tena. Sijui tuite nini.

Watakuambia weka ProMods, ile ramani kubwa ya mashabiki. Ni kazi ya heshima kweli, barabara za Ulaya zimechongwa kwa mkono. Lakini inakutaka uwe na ramani zote za kununua za SCS, wenye gemu, na ukubwa wake utamaliza hizo GB zako. Achana nayo kwa sasa.

Ninayoipenda mimi ni TruckersMP, ya kucheza na watu wengine mtandaoni. Ilikuwepo miaka kabla SCS hawajaweka Convoy yao mwaka 2021, na Convoy ilianza na watu wanane tu. TruckersMP ni mamia kwenye seva moja. Kuna barabara ya Calais kwenda Duisburg ambayo kila mchezaji anaijua kwa ubaya: foleni, watu wanapita kushoto na kulia, mmoja kageuza lori katikati ya njia anatukana kwa Kituruki, mwingine anajibu kwa Kipolandi. Mzee alipoiona akasema hii ni Tunduma, akavuta kiti karibu. Akaingia kwenye foleni akakaa kimya, hapigi honi, anasubiri zamu yake. Nyuma wanamgonga, yeye anasubiri. Nikamwambia mzee pita, huku hakuna trafiki. Akasema lori linapita likiwa na nafasi. Tulifika Duisburg tumechakaa lakini tumefika.

Kwa laptopu yako usiende Duisburg, itakwama. Kaa Uingereza, au kaskazini huko kwenye watu wachache. Na Uingereza gari zinakaa kushoto kama kwetu, mkono hauchanganyikiwi.

Kijana wa Msamvu

Wakuu nimesoma yote, mbarikiwe. Binti Shangani, hiyo ya sheria moja imenikaa kichwani, nitaisubiri nikipata mashine. Usiku wa leo naanza na San Andreas. Nimeangalia exe, nadhani ni 1.0, ila nimekutana na vitu viwili. Kwanza, kuna tovuti inatoa "SilentPatch + magari 300" kwa pamoja, faili ni exe, na wameandika nizime antivirusi kwanza. Pili, kuna mtu kanishauri nizime kile kizuizi cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye mipangilio ili gemu iwe nyepesi. Mzee unasemaje?

Mzee wa Kibanda

La kwanza: kimbia. Modi ya San Andreas unayoihitaji wewe ni mafaili ya kunakili. Anayekutaka uendeshe exe yake huku mlinzi amelala hana magari 300, ana shida na wewe. Chukua kwa mtengenezaji mwenyewe, au GTAForums ambako watu wanajuana.

La pili: acha kama kilivyo. Gemu hii mahesabu yake mengi yamefungwa kwenye fremu. Ukikizima, mashine ikawa na nguvu, CJ anaogelea kama anavutwa mguu na baadhi ya mazoezi ya shule ya udereva hayapitiki. Na huo wepesi anaokuahidi hutaupata.

Nakili folda nzima ya gemu pembeni kabla ya kugusa kitu. GB 11 zinatosha. Kisha SilentPatch, fungua gemu, cheza kidogo. Halafu Mod Loader, fungua tena. Moja moja, usiweke vitatu kwa mpigo halafu uje hapa kuuliza kipi kimegandisha.

Binti Shangani, nimekusikia. Ila hiyo gemu ya kurudia siku moja pale kibandani ingenifilisi, mteja angekaa mpaka asubuhi kwa bei ya saa moja.

Binti Shangani

Ungeweka sheria, kama ya Simba na Yanga 😄

Kijana wa Msamvu

SilentPatch imekubali, kipanya kimetulia kweli. Mod Loader nayo imekubali. Mzee, ile bus.txd ya Mbagala naomba uitupie hapa, nitabadilisha maandishi iwe Msamvu – Kihonda.

Mzee wa Kibanda

Nimeambatisha. Fungua kwa programu yoyote ya kuhariri txd, maandishi yako kwenye picha ya pili. Jina la faili usilibadilishe, libaki bus.txd, vinginevyo gemu haitaliona. Mstari wa ubavuni paka rangi ya njia yenu.